Mama yuko nyumba ya wazee, nitajuaje kama anatunzwa au anahifadhiwa tu?

Shikamoo Shangazi,

Samahani barua yangu ni ndefu, na naomba usinitaje jina maana hapa Worcester waswahili tunajuana mpaka namba za gari. Mimi ni wa Tanga, nina mume na watoto watatu. Mama yangu ana miaka 76, nilimleta Marekani 2012 aje anisaidie watoto akapenda akabaki. Mwezi wa nne mwaka huu akapata kiharusi, upande wa kulia wote ukalegea, maneno yakawa yanatoka nusunusu, na kile kiingereza kidogo alichokuwa nacho kikaondoka kabisa, sasa hivi ni kiswahili tu na siku nyingine anarudi kwenye kibondei cha utotoni kwake hata mimi simpati vizuri.

Hospitali alikaa siku tisa halafu asubuhi moja akaja dada anayepanga wagonjwa wa kutoka, akanipa karatasi yenye majina sita ya nyumba za wazee zenye mazoezi ya viungo akaniambia chagua, kesho anatoka. Kesho! Nikachagua iliyo karibu na kwangu. Nilienda kuiangalia kama dakika ishirini tu, mapokezi kuna maji yanachuruzika ukutani kama hotelini, kuna piano, kuna harufu ya biskuti zinaokwa, na kwenye intaneti ina nyota nne. Nikasema alhamdulillah.

Sasa ni wiki ya saba na moyo wangu hautulii. Aliingia na paundi 150, juzi wamempima ana 139. Mara nyingi nikifika nakuta sinia la chakula liko vilevile, nikiuliza naambiwa amekataa. Jumapili iliyopita tulibonyeza kengele anataka kwenda chooni tukakaa dakika 26, nilihesabu, mwisho nikamnyanyua mimi na mwanangu wa miaka 14. Mchana analala sana, zamani mama hakuwa mtu wa kulala mchana. Kuna siku nimemkuta amevaa sweta la mtu mwingine na kanga zake mbili sijui ziko wapi. Na hiki ndio kimenitisha, nilipokuwa nambadilisha pampasi niliona juu ya mfupa wa mkia pana sehemu imekuwa nyeusi kuliko ngozi yake na ukigusa pana joto. Nikamwita nesi akaangalia akasema hakuna wekundu, ngozi iko sawa. Kila nikisema kitu jibu ni hilohilo, bado anazoea.

Lakini sio kwamba kila kitu kibaya, yule kijana wa mazoezi ni mzuri mno, mama ameanza kusimama akishika chuma. Na kuna CNA mmoja (wale wasaidizi wa manesi wanaoogesha na kulisha), mama wa ki-Haiti, anampenda sana, akiingia yeye mama anacheka. Sasa huyo yupo siku tatu tu kwa wiki.

Naogopa kulalamika sana wasije wakamalizia hasira kwa mama nikishaondoka. Halafu siku ya kwanza nilisaini makaratasi mengi, mojawapo imeandikwa mimi ndio mhusika wa malipo, sijui nimejiingiza wapi. Kuna nyumba nyingine, ya zamani, kapeti limechakaa, ina nyota tatu, lakini kuna dada wa Kenya namfahamu anafanya kazi pale anasema ni pazuri, nimhamishe? Na juu ya yote kaka yangu wa Tanga ameandika kwenye grupu la familia kwamba nimemtupa mama kwa wazungu. Nimelia siku mbili.

Nisaidie Shangazi, nitajuaje kama ni pabaya kweli au ni mimi tu nina wasiwasi?

Wako, Mtoto wa Mama


Marahaba mwanangu, pole sana.

Naanza na hiyo ngozi, mengine yote yatasubiri. Sehemu nyeusi kuliko ngozi yake, juu ya mfupa wa mkia, ina joto, kwa mtu ambaye hawezi kujigeuza mwenyewe, mimi hicho nakihesabu ni mwanzo wa kidonda cha kulalia mpaka mtu aje anithibitishie vingine. Na hilo jibu la "hakuna wekundu" limeniudhi kwelikweli maana najua limetoka wapi. Miaka ile nasoma, picha tulizoonyeshwa zilikuwa za ngozi nyeupe, unabonyeza na kidole, ikibaki nyekundu hiyo ndio hatua ya kwanza. Sasa mama wa kibondei utamtafutia wekundu wapi? Kwenye ngozi zetu inakuja nyeusi zaidi au zambarau kwa mbali, inakuwa na joto au baridi kuliko pembeni yake, inakuwa ngumu, au inabonyea kama embe lililoanza kuiva upande mmoja, na mwenyewe panamuuma. Ndio maana wazee wengi weusi wanagundulika kidonda kikiwa kimeshafunguka. Kwahiyo leo ukifika usiulize kama kuna wekundu. Mwambie nesi wa zamu naomba uguse hapa halafu uguse pembeni, naomba aonwe na nesi wa vidonda, na naomba iandikwe leo kwenye faili lake na tarehe. Ukishataja kuandika utaona mwendo unabadilika. Halafu vua soksi angalia visigino vyote na tochi ya simu, huko ndio pa pili panapooza. Uliza anageuzwa kila baada ya muda gani, mtu wa namna yake kitandani kawaida ni kila masaa mawili, na ujue kukaa kutwa kwenye kiti cha magurudumu nako ni kukandamiza nyama ileile, watu wanadhani akishatolewa kitandani basi mambo safi. Kuna godoro la hewa, kuna mto maalumu wa kukalia, hivyo vyote ni haki yake akivihitaji wala sio fadhila.

Hiyo ni ya leo. Sasa chakula.

Paundi 11 kwenye 150 ni zaidi ya asilimia 7. Kazini tunahesabu hivi, mtu akipungua asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au 7.5 ndani ya miezi mitatu, au 10 ndani ya miezi sita, anaambiwa daktari na mtu wa lishe na mpango unabadilishwa. Mama ako ameshaufikia karibu mstari wa pili na miezi mitatu yenyewe bado, halafu mtu anakwambia anazoea! Anazoea nini, njaa?

Lakini kabla hujawaka kaa hapo saa ya chakula mara tatu, asubuhi moja, mchana mmoja, jioni moja, na uangalie tu bila kusaidia kwa dakika kumi za kwanza. Angalia sinia linawekwa upande gani, maana kiharusi kilicholegeza upande wa kulia kinaweza kuondoka na uoni wa upande huohuo, yaani jicho ni zima lakini kulia haoni, unakuta mtu amekula nusu ya sahani ya kushoto nusu nyingine haijui kama ipo na wao wanaandika amekula nusu hana hamu. Angalia juisi yenye kifuniko cha karatasi, kwa mkono mmoja utaifunguaje? Angalia kama anakaa wima au amelala nusu. Na uliza kama mtaalamu wa usemi amempima kumeza, maana kama amewekewa chakula cha kusagwa na vinywaji vilivyofanywa vizito, kwakweli vile vitu vina ladha ya gundi, mama aliyezoea samaki wa nazi hawezi kuvila na simlaumu. Muulize huyo huyo mtaalamu kama uji unafaa na uwe mzito kiasi gani, unaweza ukapika nyumbani ukapeleka kwenye chupa ya chai. Ila usije ukamwonea huruma ukamletea chapati kwa kujificha, kinaweza kwenda kwenye mapafu, nimeshaona.

Sasa hilo neno "amekataa". Mwanangu ngoja nikwambie siri ya kazi. Nimefanya hizi kazi miaka 19, nimeanza CNA nikaja kuwa nesi, na mimi pia nimewahi kuandika amekataa. Shifti ya usiku, wazee 22, sisi wawili na mwenzangu mmoja amepigia simu anaumwa. Unaingia kwa bibi unamwambia twende kuoga, anatikisa kichwa, unaandika amekataa unaenda kwa mwingine. Labda hakukataa, labda hakusikia, labda hakuelewa lugha. Mama ako anaongea kiswahili peke yake ndani ya jengo zima! Mtu akimuuliza kitu kwa kiingereza akakaa kimya, kwenye kompyuta inaingia amekataa. Kwahiyo omba kuona rekodi zake. Kisheria mgonjwa au anayemwakilisha anatakiwa aonyeshwe ndani ya masaa 24 ukiondoa wikiendi na sikukuu, na ukitaka kopi ni siku mbili za kazi. Hapo Massachusetts kuna ile fomu ya kumteua mtu wa kukuamulia matibabu, kama mama anaelewa na anaweza kusaini hata kwa mkono wa kushoto muifanye mapema ili wewe uwe ndio mwakilishi wake. Kwenye hizo rekodi hesabu "amekataa" ziko ngapi na ziko siku gani. Nina hakika siku anazokuwepo yule mama wa Haiti hizo "amekataa" ni chache.

Na lugha sio hisani pia. Nyumba inayopokea hela za serikali inatakiwa imletee mkalimani bila malipo, hata kwa simu au kwa skrini, na mkalimani asiwe mtoto wako wa miaka 14. Wewe kwa upande wako bandika karatasi kubwa ukutani juu ya kitanda yenye maneno kumi, maji, choo, inauma, nigeuze, baridi, njaa, na matamshi yake, utashangaa ma-CNA wanavyoyashika. Kama anataka ahudumiwe na wanawake tu, au chakula halali, au muda wa kuswali, sema, na iandikwe.

Kuhusu kulala mchana, omba orodha ya dawa zote na uweke pembeni ya ile aliyotoka nayo hospitali. Kila jina jipya uliza imeanza lini, ya nini, nani aliyekubali. Inaweza ikawa kiharusi chenyewe kinachosha sana, inaweza ikawa huzuni, inaweza ikawa usiku halali vizuri. Ila zipo dawa za magonjwa ya akili ambazo wazee wanapewa watulie, na kwa wazee wenye kusahausahau mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2005 inataka ziwe na onyo kali kwamba zinaongeza hatari ya kufa. Sheria inakataza mtu kupewa dawa kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi. Usiende na tuhuma lakini, nenda na orodha.

Sweta achana nalo. Kila nyumba dobi anachanganya, hata zile za matajiri. Andika jina kwa kalamu isiyofutika, kanga za maana peleka nyumbani.

Umeniuliza utajuaje. Wewe ulifanya tunachofanya wote, ulienda ukaangalia mapokezi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yale maji ya ukutani na harufu ya biskuti ndio kujitembeza kwenyewe, kuna sehemu wanaoka makusudi asubuhi za wageni. Nyota nazo zina maana yake lakini inabidi ujue zinavyopikwa. Ule mfumo wa nyota tano uko tangu 2008 kwenye tovuti ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, na nyota unayoiona juu ni mchanganyiko wa tatu, ukaguzi, wafanyakazi, na vipimo vya afya vya wakazi. Hivyo vipimo vya afya vingi vinatokana na fomu ambazo nyumba inajaza yenyewe, yaani mwanafunzi anajisahihishia mtihani, kwahiyo mimi nyota hizo huwa naziangalia mwisho au siziangalii kabisa. Za ukaguzi zinatoka kwa wakaguzi wa jimbo wanaokuja bila hodi karibu mara moja kwa mwaka na pia kukiwa na malalamiko, na zinagawanywa kwa kushindanisha nyumba za jimbo lenu tu, asilimia 10 za juu ndio wanapata tano, asilimia 20 za chini wanapata moja. Za wafanyakazi zinatokana na rekodi za mishahara, hizo ngumu kudanganya, na tangu 2022 zinaonyesha mpaka wikiendi wako wangapi na kwa mwaka wanaondoka wangapi. Ukiona kialama chekundu chenye kiganja cha mkono hiyo ni nyumba iliyokutwa na kesi ya unyanyasaji, inaonyeshwa tangu 2019.

Sasa fungua nyumba zote mbili, ya mama na ile ya kapeti lililochakaa, uangalie ukaguzi na wafanyakazi tu. Inawezekana kabisa hiyo ya nyota nne imebebwa na zile za kujisahihishia, na hiyo ya tatu ina watu wengi zaidi sakafuni. Halafu soma ripoti ya ukaguzi yenyewe. Lazima waiweke mahali mtu anaona bila kuomba, mara nyingi ni faili moja chafu karibu na mapokezi hakuna anayeligusa. Kila kosa lina herufi kuanzia A mpaka L. Mpaka F hakuna aliyeumia bado, kuanzia G mtu ameumia kweli, na J, K, L ni hatari ya haraka kwa maisha. Kila nyumba utakuta ina D na E zake, hata nzuri, jikoni friji joto limezidi na kadhalika, usizimie. Tafuta kosa linalojirudia mwaka hadi mwaka, hilo ndio tabia ya nyumba.

Pale mlangoni au kwenye kila floo lazima pia pawe na karatasi ya kila siku inayosema leo wakazi wangapi, manesi wangapi, ma-CNA wangapi kwa kila shifti. Isome, halafu tembea uhesabu vichwa. Sheria ya nchi inataka nesi aliyesajiliwa (RN) awepo masaa nane kila siku, na nesi mwenye leseni, hata yule wa ngazi ya chini yake (LPN), masaa 24. CNA mwenyewe mafunzo ya chini kabisa yanayotakiwa na serikali kuu ni masaa 75, wiki mbili tatu hivi, na huyo ndio anayemgusa mama kuliko mtu mwingine yeyote. Ndio maana mimi nikiingia nyumba yoyote swali langu la kwanza kwa CNA ni dogo tu, umekaa hapa muda gani. Ukiuliza watano, watatu wakakwambia wiki mbili au ni wa wakala amekuja leo tu, hapo tatizo lipo hata sakafu ing'ae vipi. Ukiwauliza wakakwambia miaka sita, nane, na kwamba wanashika wazee walewale kila siku, kaa uwaze mara mbili kabla ya kuondoa mzee. Mtu anayemshika mama kila siku ndio anayegundua leo amekohoa tofauti.

Nenda saa mbili usiku. Nenda Jumapili kabla hawajaamka vizuri. Wewe ni mtoto wake, kama mama anataka kukuona hawawezi kukufungia nje kwa sababu eti muda wa wageni umeisha, mlango ukiwa umefungwa unabonyeza unafunguliwa. Ukiwa pale tulia kwenye korido dakika kumi usikilize kengele na uangalie saa. Dakika 26 ni mbaya, na kwa mtu wa kiharusi anayetaka chooni ni hatari maana hapo ndio wanapoamua kujaribu wenyewe wakaanguka. Lakini mara moja ni tukio, nataka ujue Jumapili tatu ziko vipi. Angalia pia wanafanya nini wakipita mlango wenye taa inayowaka, hata yule wa kufagia. Kwenye nyumba nzuri hata wa kufagia anachungulia anasema nakuitia mtu.

Kuhusu harufu, mkojo kidogo chumba kimoja ni kawaida wanabadilisha mtu muda huo, ila ukisikia korido nzima kila ukija, au marashi makali ya kupuliza yanafunika kitu, jua majibu yako.

Na jambo moja ambalo wageni hawafanyi. Usimwangalie mama tu. Mwangalie yule bibi wa kitanda cha pili ambaye hajawahi kuja mtu kumuona. Kucha zake, midomo imekauka au imepakwa mafuta, jagi la maji liko anapofikia au liko dirishani, nywele zimechanwa? Mama ako anapata huduma ya mtu mwenye binti mkali anayekuja kila siku. Yule bibi anapata huduma ya kawaida ya ile nyumba.

Sasa mkutano. Kila mkazi ana mpango wa huduma wa maandishi, wa mwanzo ndani ya masaa 48 ya kuingia, halafu tathmini kubwa ndani ya siku 14, halafu mpango kamili siku 7 baada ya hapo, na unarudiwa angalau kila miezi mitatu. Wewe na mama mna haki ya kukaa kwenye hicho kikao. Nakisia hujawahi kuitwa, au uliitwa kwa simu ukiwa kazini ukasema sawa sawa. Waandikie kwa barua pepe, sio kwa mdomo, kwamba unaomba kikao wiki hii, awepo mkuu wa manesi, mtu wa lishe, mtaalamu wa usemi na yule kijana wa mazoezi. Nenda na mambo manne tu, ngozi, uzito, lugha, kengele, ukiwa na tarehe na namba zako. Sweta usilitaje, ukitaja sweta watazungumzia sweta saa nzima. Omba kila moja nani anafanya nini mpaka lini, na kopi ya mpango. Na wasifu wale wawili wazuri kwa majina mbele ya mabosi wao, wanastahili, halafu omba huyo wa Haiti apangiwe mama siku zake zote.

Woga wako wa kulipiza naujua, kila familia inao. Kulipiza kisasi ni kosa kwa sheria ya 1987 ya hizi nyumba na kanuni zake, lakini najua sheria haikai chumbani usiku. Kwahiyo mpate ombudsman. Kila jimbo linao, ni bure, kazi yao ni kumtetea mkazi peke yake, na hawataji jina lenu bila ruhusa. Namba yao lazima iwe imebandikwa ukutani pale, na usipoiona piga 1-800-677-1116 watakuelekeza wa kwenu. Ukiona jambo ni la kuumiza, malalamiko rasmi yanaenda idara ya afya ya jimbo na hao ndio wanaotuma wakaguzi. Kwa uzoefu wangu mzee ambaye familia yake inauliza kwa adabu na inaandika tarehe, huyo ndio anageuzwa kwa wakati.

Ile karatasi uliyosaini itafute. Nyumba hairuhusiwi kumlazimisha ndugu adhamini malipo kwa mfuko wake kama sharti la kumpokea mgonjwa. Kama umesaini kwamba utalipa kutoka kwenye hela za mama unazozishika kwa niaba yake hiyo ni sawa. Kama imeandikwa wewe binafsi, mwonyeshe ombudsman au mwanasheria wa msaada wa bure kabla hujalipa hata senti.

Nimhamishe? Bado, mwanangu, ila anza kujiandaa. Kumhamisha mtu wa kiharusi ni kuanza upya, watu wapya, na anampoteza kijana anayemsimamisha. Ningekuwa mimi ngozi leo, kikao wiki hii, halafu nawapa wiki mbili na kupimwa uzito kila wiki. Sehemu ile ikifunguka, au mzani ukiendelea kushuka, au ukiambiwa tena anazoea, mtoe. Kwa hizo wiki mbili nenda kwenye kapeti lililochakaa, uliza kama wana kitanda na kama wanapokea MassHealth, ile bima ya jimbo lenu kwa wenye kipato kidogo, kwa mtu wa kukaa muda mrefu, maana wengine wanapokea wa mazoezi tu. Na yule dada wa Kenya usimuulize kama ni pazuri, atasema pazuri ni kazini kwake. Muulize Jumapili usiku mnakuwa wangapi na wazee wangapi. Akikutajia namba bila kufikiri ndio jibu la kweli hilo.

Kaka yako mpe kazi. Mnunulie mama stendi ya simu, na kila siku saa ya chakula cha mchana kaka apige kwa video akae naye mpaka amalize kula. Mama atasikia kibondei na kaka ataona mwenyewe sinia linawekwa upande gani na linaondolewa na nini ndani yake, akuandikie kwenye grupu hilohilo pamoja na tarehe. Saa sita mchana ya huku msimu huu ni saa moja usiku Tanga, ameshatoka kazini, hana sababu.

Shangazi